Njia Zenye Majina ya Mashujaa: Mwongozo Kamili wa Kuziandika, Kuzipima na Kuziwekea Vibao

Mombasa Mji wa Kale kuna Ndia Kuu. Lamu kuna Usita wa Mui, njia ya ndani inayokata mji kwa urefu, ambayo kiserikali huitwa Harambee Avenue. Majina haya mawili yamebaki kwa sababu wenyeji hawakuacha kuyatamka, na kwa sababu hakuna aliyefaulu kuyasahihisha yawe “Njia Kuu” au “Mtaa wa Mji”. Majina ya mashujaa yana bahati mbaya zaidi. Mengine hupotea pamoja na wazee waliokuwa wakiyatumia, mengine huhamishwa kutoka njia ya miguu kwenda barabara ya lami iliyo jirani, na mengine hubuniwa jana kwa ajili ya wageni kisha yakaitwa ya kale.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu watatu hadi watano wanaotaka kuandika njia za eneo lao, iwe Mji Mkongwe wa Unguja, vijiji vya Tana, au mitaa ya Iringa. Kijiji kimoja chenye njia kumi kinahitaji kama wiki mbili za kazi ya uwandani na wiki moja ya mezani. Ukijaribu kumaliza kwa siku tatu utapata ramani nzuri yenye majina mabovu.

Tofautisha njia, jina na kisa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hata kabla ya simu kutolewa mfukoni. Njia ni kitu unachoweza kukipima: inaanza hapa, inaishia pale, ina upana huu. Jina ni neno linalotamkwa na watu fulani, wakati fulani. Kisa ni maelezo yanayotolewa juu ya jina. Vitu hivi vitatu vina umri tofauti. Njia inaweza kuwa na miaka mia nne, jina likawa na miaka sitini, na kisa kikawa kimesomwa darasani mwaka juzi.

Chukua Fumo Liyongo. Kisa chake kinajulikana pwani yote: kifungo cha Pate, tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, ngoma iliyofunika sauti ya tupa, kisha mwanawe aliyemchoma kwa sindano ya shaba kitovuni. Liyongo akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akafa katika hali hiyo, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Kaburi lake huonyeshwa upande wa Ozi, karibu na Kipini, mto Tana unapoingia baharini. Sasa mtu akikuonyesha njia ya kwenda kisimani akakwambia ni ya Liyongo, umeambiwa mambo matatu kwa pamoja, na kila moja lina safu yake kwenye fomu mtakayoijaza kwa kila njia.

Neno “Fumo” nalo lina mtego wake. Ni jina la cheo, la watawala wa upande wa Pate na Witu, si la Liyongo peke yake. Fumo Bakari alipigana na Waingereza Witu mwaka 1890. Njia ikiitwa “ya Fumo” tu, andika “ya Fumo” tu. Usimtie Liyongo mpaka aliyekupa jina amtie mwenyewe.

Kwa upande wa bara, jiwe la Gangilonga pale Iringa ni mfano mzuri wa kosa la kinyume chake. Maana ya jina hilo kwa Kihehe ni jiwe lisemalo, na masimulizi hulihusisha na Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Lakini jina lenyewe halimtaji Mkwawa. Njia inayopanda kwenye jiwe ikiitwa na wenyeji njia ya Gangilonga, kuiandika “Njia ya Mkwawa” ni kuwapa wageni walichotaka kusikia. Mkwawa ana tarehe zake zilizoandikwa: vita vya Lugalo dhidi ya Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, kifo chake tarehe 19 Julai 1898, fuvu lake kurudishwa Kalenga mwaka 1954. Liyongo hana tarehe kama hizo, na wataalamu wametofautiana juu ya zama zake kwa karne kadhaa. Kwa hiyo shujaa wa historia na shujaa wa masimulizi huandikwa kwa namna mbili, na kibao cha Liyongo hakiwekwi mwaka.

Ruhusa, watu na vifaa

Anza kwa wenye mji. Tanzania Bara ni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji pamoja na mtendaji. Zanzibar ni sheha. Kenya ni chifu na wazee wa mtaa. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: ninyi ni akina nani, mtaandika nini, nakala itabaki wapi. Kwa njia za ndani ya kaya za Wamijikenda (misitu yao mitakatifu), ambazo kumi na moja kati yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ruhusa ya chifu pekee haitoshi. Wazee wa kaya ndio wenye kauli, na wao ndio watakaosema wapi pa kuvua viatu, wapi hapapigwi picha, na njia ipi haiandikwi kabisa. Likisemwa hivyo, njia hiyo haionekani kwenye fomu, kwenye simu wala kwenye ramani. Kama kazi itachapishwa kama utafiti, mtahitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia: Kenya ni NACOSTI, Tanzania ni COSTECH.

Waelezeni wenye nyumba mapema kwamba kuandika jina la kichochoro hakumnyang'anyi mtu ua wake. Hofu hii ni ya kweli. Njia nyingi za kale zinapita kati ya ukuta na ukuta, na mtu akiona wageni na tepu anafikiri barabara inakuja. Njia ikipita ndani ya kiwanja cha mtu, andikeni hivyo, na mwenye kiwanja aione fomu kabla haijaondoka mtaani.

Katika kikundi awemo angalau mmoja anayezungumza lahaja ya pale tangu utotoni, na awemo mwanamke. Njia za visimani na za kuni zinajulikana na wanawake kuliko wanaume, na kuna majina ambayo bibi hatamtamkia kijana wa kiume asiyemjua.

Vifaa ni vichache. Simu mbili zenye GPS na programu ya ramani isiyohitaji intaneti, kama OsmAnd. Betri ya akiba. Tepu ya mita 30. Daftari lenye jalada gumu. Penseli, kwa sababu wino hutawanyika ukilowa jasho. Na kitambaa chepesi cha pamba cha kufunikia kipaza sauti dhidi ya upepo. Chukueni pia fomu za karatasi, mbili kwa kila njia.

Kulisikia jina

Usiulize, “Je, hii ndiyo njia ya Liyongo?” Mtu mwenye adabu atakujibu ndiyo, kwa sababu ameona unalitaka jibu hilo. Uliza swali la matumizi: “Ukimtuma mtoto dukani kwa huku, unamwambia apite wapi?” au “Mtu akipotea hapa, mnamwelekezaje?” Jina linalotoka katika jibu la swali hilo ndilo jina lililo hai. La shujaa likitoka lenyewe, umepata kitu. Lisipotoka, endelea na mazungumzo, na mwishoni uulize kama pana jina jingine la zamani ambalo wakubwa walikuwa wakilitumia.

Zungumza na watu wasiopungua watatu kwa kila njia, wa nyumba tofauti, na kila mmoja peke yake. Ukiwakalisha barazani pamoja, mkubwa kuliko wote atasema na wengine watamwitikia. Hiyo ni heshima, lakini kwako ni shahidi mmoja. Usiishie kwa wazee wanaojulikana kwa hadithi. Nenda kwa hamali wa mkokoteni, kwa mwenye punda wa mizigo Lamu, kwa mgema, kwa mvuvi anayepita alfajiri, kwa muadhini. Hawa hutumia njia kila siku, na majina yao ni mafupi na ya kweli.

Kwa kila jina, andika mnyororo wake: msemaji alilisikia kwa nani, na huyo kwa nani. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa jambo hili, isnadi wanaijua. Swali la “Shikamoo babu, wewe jina hili ulilipata kwa nani?” halimvunjii mzee heshima likiulizwa baada ya salamu na kahawa. Jibu linaweza kuwa “kwa bibi yangu mzaa mama, tukienda kuteka maji”, nalo lina uzito kuliko kurasa tatu za kisa. Jibu likiwa “tulisoma shuleni”, andika hivyo hivyo bila kulidharau.

Suala la shule ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kisa cha Liyongo kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu ni wa mwaka 1913. Toka hapo kisa kimesomwa na kufundishwa vizazi kadhaa. Leo ukisikia masimulizi yanayofuata utenzi hatua kwa hatua, kuna uwezekano mkubwa kwamba yametoka kwenye kitabu na kurudi kijijini. Vitu vya kutafuta ni vile ambavyo kitabu hakina: jina la mti, pembe ya njia, jiwe fulani, mwiko wa kupita saa fulani. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba kisa kimekaa na njia hiyo, hakikuletwa juzi.

Andika jina kama linavyotamkwa. Akisema ndia, andika ndia. Akisema mui, andika mui. Usinyooshe lahaja iwe Kiswahili sanifu. Safu ya usanifu iwe pembeni. Rekodi jina likitamkwa mara mbili polepole, simu ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, katika mfumo wa WAV kama simu inaruhusu. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja kwa kHz 48 na biti 16 hula kama megabaiti 345, kwa hiyo pima nafasi ya simu kabla ya kutoka. Faili liite kwa tarehe, mtaa na nambari, kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku ili yajipange yenyewe. Picha na sauti msitumiane kwa WhatsApp kama picha ya kawaida: hubanwa na kupoteza taarifa za mahali zilizomo ndani yake. Zitumeni kama waraka, au mhamishe kwa waya.

Kutembea na kupima

Tembea njia nzima mara mbili, kwenda na kurudi, ukiwa na mwenyeji mmoja mbele yako. Mwache atangulie, anapokata kona bila kufikiri ndipo njia ilipo, hata kama macho yako yanaona uwazi mwingine.

Mwanzoni simama mahali peupe dakika tano mpaka simu ionyeshe usahihi wa mita tano au chini. Weka rekodi ya alama kila sekunde tatu hadi tano. Shika simu juu, usawa wa bega, si mfukoni mwa suruali, kwa sababu mwili huzuia mawimbi. Shambani na ufukweni utapata mstari mzuri. Ndani ya Mji Mkongwe au Lamu, kichochoro kikiwa na upana wa mita mbili na kuta za ghorofa mbili pande zote, mawimbi hugonga kuta na kuruka, na mstari wako utapita ndani ya vyumba vya watu kwa makosa ya mita kumi, ishirini, hata zaidi. Usijaribu kuurekebisha kwa kutembea polepole. Huko fanya kazi kwa tepu na kona: pima kutoka kona hadi kona, andika urefu, upande wa kugeuka, na kitu kisichohama kilicho kwenye kona, kama mlango wa kuchonga, msikiti au kisima. Kisha chukua alama za GPS kwenye viwanja vilivyo wazi tu, na uunganishe kati yake.

Kuhakiki urefu, tumia hatua zako mwenyewe. Pima mita 100 kwa tepu barabarani, zitembee mara tatu kwa mwendo wa kawaida, ukihesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini. Wastani wa hesabu hizo tatu ndio kipimo chako. Mtu wa kimo cha kati hupata kama 66 hadi 70. Ukifika mwisho wa njia na hesabu ya hatua ikatofautiana na ya simu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, rudia.

Upana upimwe mahali pembamba kuliko pote na mahali papana kuliko pote. Andika sakafu: mchanga, udongo mwekundu, mawe, saruji. Andika pia majira. Njia za delta ya Tana zenye uhai mwezi Februari huwa chini ya maji mwezi Mei. Huko mto wenyewe umehama. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19, ndio ulioelekeza maji ya Tana kwenye mto Ozi, kwa hiyo njia inayofuata ukingo wa leo huenda si ile iliyofuata ukingo wa zamani. Uliza mapema juu ya usalama, na usikae kando ya mto jioni wala alfajiri: mamba na viboko wapo.

Njia za ufukweni na za mikoko zina saa zake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hutoka sana mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na njia ya mikokoni huwa wazi kwa muda mfupi. Siku za maji mafu huenda isifunguke kabisa. Andika kwenye fomu “hupitika maji yakitoka”, na siku ya kupima toka pamoja na maji yanapotoka. Msisubiri yakauke, maana yakigeuka mtakuwa bado njiani.

Kosa dogo linaloharibu fomu nyingi ni alama ya kutoa. Karibu pwani yote ya Waswahili iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo huanza na kutoa. Lamu ni kama -2.27, 40.90. Ukisahau hicho kistari, alama yako itaangukia nchi kavu kusini ya El Wak, karibu na mpaka wa Somalia. Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha. Ya tano ni kama mita moja.

Kuupima ushahidi

Baada ya uwandani, kaeni mezani na kila jina lipewe daraja. Tunapendekeza madaraja manne. A ni jina linalotumiwa leo na watu wa rika zote. B linatumiwa na wazee tu, na mashahidi wasiopungua watatu wamelitaja kila mmoja peke yake. C limo katika kisa, lakini hakuna anayelitumia kuelekeza njia. D ni jipya: la halmashauri, la hoteli, la waongoza watalii. D si aibu. Mugo Kibiru Road ya Nairobi imepewa jina la mwaguzi wa Kikuyu anayesimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa reli, na ni jina la heshima. Ila ni jina la kupewa kiserikali, halikutokana na watu kupita pale. Kosa ni kuandika D kama A.

Linganisheni na ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000 za idara za upimaji za Kenya na Tanzania. Tahajia zake mara nyingi ni za mpimaji aliyesikia kwa sikio la kigeni, kwa hiyo zisomeni kwa sauti kubwa badala ya kuzikodolea macho. Mkipata hati za Kiswahili cha ajami, yaani kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mtafuteni anayezisoma kwa mazoea. Katika maandishi ya zamani irabu e na i huandikwa kwa alama moja, o na u vivyo hivyo, na b na p mara nyingi hazitofautishwi. Jina lililoandikwa Liyongo linaweza kusomeka Liyungu. Hilo haliwi jina jipya.

Njia nyingine huachwa bila mstari. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alipelekwa kifungoni Kisii, akatoroka mwaka 1914 na kurudi Ugiriama kwa miguu. Tunajua alikotoka na alikofika. Kati ya hapo hakuna anayeweza kuonyesha nyayo zake mita kwa mita. Weka alama mbili, mwanzo na mwisho, na maelezo. Ukichora mstari, baada ya mwaka mmoja utakuta umeshachapishwa kama ukweli, na kijiji kimoja kinagombana na kingine juu ya nani alimpa maji.

Kuingiza kwenye ramani

OpenStreetMap ndiyo inayofaa zaidi kwa sababu iko wazi na njia ndogo zinakubalika. Fungua akaunti, pakia faili la GPX (mstari wa alama uliorekodiwa na simu), kisha chora mstari ukilinganisha nyayo zako mbili na picha ya setilaiti. Picha yenyewe huweza kuwa imesogea mita kadhaa. Nyayo zikikubaliana zote na picha ikapingana nazo, fuata nyayo. Usinakili kitu chochote kutoka ramani za Google: leseni hairuhusu na kazi yako itafutwa.

Kichochoro kilichosakafiwa kwa ajili ya watu wa miguu huwekwa highway=footway; njia ya porini au ya shambani ni highway=path. Jina la daraja A liingie kwenye name, kwa lahaja ya wenyeji. La B liende alt_name kama bado linatajwa, au old_name kama limeachwa. Majina ya C yasiingie kabisa. Mahali pake ni daftarini. Mtu ambaye njia imeitwa kwa ajili yake huandikwa kwenye name:etymology, na hapo ndipo Liyongo anapokaa kwa haki. Ongeza surface na width, na kwenye source:name andika kwamba jina limetoka kwa wenyeji na mwaka wa kulisikia. Majina ya wasimulizi hayaingii kwenye ramani.

Tanzania kuna hatua moja zaidi. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliyotangulia sensa ilizipa barabara na njia nyingi majina na vibao kwa kasi kubwa. Angalieni jina lililoingizwa kwenye NaPA, mfumo wa taifa wa anwani hizo, kwa njia yenu. Likiwa limekosewa, au limepewa la mtu mwingine kabisa, andikeni kwa mtendaji mkiambatanisha fomu na muhtasari wa mkutano wa mtaa. Ombi la wakazi lenye muhtasari hushughulikiwa. Lalamiko la mtu mmoja hupotea.

Kibao

Kibao kiwekwe kwa majina ya daraja A na B tu, baada ya mkutano wa mtaa. Kwenye ukuta wa Mji Mkongwe pateni kwanza idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Lamu, ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Miji hiyo miwili iko katika Urithi wa Dunia tangu 2000 na 2001, na tundu moja la drili bila kibali linaweza kuwaletea kesi.

Bati na chuma cha kawaida havifai kandokando ya bahari. Chumvi huvila na kutu huchirizika juu ya herufi. Tumieni mbao ya mbambakofi, ile ile ya milango ya kale, unene wa sentimita 3, herufi zichongwe ndani milimita 4 hadi 5 kisha zipakwe rangi. Rangi ikibanduka baada ya miaka michache, herufi iliyochongwa bado husomeka kwa kivuli chake, na mtoto anaweza kuipitisha kidole. Kimo cha herufi kiwe sentimita 4 hadi 5. Skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma cha pua.

Ukuta wa mawe ya matumbawe hauchimbwi kwa nguvu wala hauzibwi kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hufungia unyevu ndani; baada ya misimu michache ya mvua, kipande cha ukuta huanguka pamoja na kibao. Zibeni kwa chokaa na mchanga laini uliooshwa, kipimo 1 kwa 3, mkilowesha tundu kwanza ili jiwe lisinyonye maji ya chokaa kabla haijashika. Funikeni kwa gunia la maji siku tatu.

Kwa nguzo ya njia ya shamba, chukua gogo la sentimita 10 kwa unene na mita 3 kwa urefu. Choma ncha ya chini mpaka iwe nyeusi kwa kina cha milimita chache, paka lami hadi sentimita 10 juu ya usawa wa ardhi. Hapo kwenye usawa ndipo mchwa na uozo huanzia. Shimo liwe sentimita 30 kwa 30, kina 60. Tia kokoto sentimita 10 chini ili maji yapite, simamisha nguzo, jaza zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na uso wa zege uteremke kutoka kwenye nguzo. Ukiuacha bapa, maji yatatuama na nguzo itaoza pale pale. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha mashimo matatu.

Ukingo wa chini wa kibao uwe mita 2.1 kutoka chini. Kikiwa chini ya hapo, mzigo wa punda au mkokoteni utakigonga wiki ya kwanza. Kikiwa juu zaidi, hakisomwi.

Maneno ya kibao ni jina, na chini yake mstari mmoja mdogo: njia inatoka wapi kwenda wapi. Kisa kisiandikwe. Kibao kinachosimulia humfunga msimulizi. Mzee akipita na mjukuu wake atasema “soma hapo” badala ya kusimulia mwenyewe, na maneno aliyopewa na bibi yake yatabaki kifuani.

Tahadhari nyingine inatoka mbali. Nottingham, Uingereza, jina la Maid Marian wa hadithi za Robin Hood lilipewa barabara pana ya magari iliyokatwa miaka ya 1960 kupitia sehemu ya kale ya mji. Jina la hadithi likabaki, vichochoro vikaondoka. Katika eneo hilo hilo wapenda matembezi waliunganisha njia za miguu zilizokuwepo na kuziita Robin Hood Way, zaidi ya kilomita 160, na watu wanazitembea. Halmashauri ikiwaambia itamuenzi shujaa wenu kwa barabara mpya, ulizeni kwanza itapita juu ya njia gani.

Baada ya kibao

Kagueni mara mbili kwa mwaka: baada ya masika, na kabla ya Krismasi watu wanaporudi nyumbani. Kazeni skrubu, fyekeni mita moja kila upande wa nguzo, pakeni mafuta ya kitani kwenye mbao. Nguzo ikiyumba ukiisukuma kwa mkono mmoja, mchwa wameshaingia; ing'oeni, msiiongezee zege juu.

Nakala ziwe tatu: moja kwa mwenyekiti, sheha au chifu, moja shule ya msingi iliyo karibu, na moja kwa kikundi, zote za karatasi pamoja na diski yenye sauti. Wasimulizi wapelekewe nyumbani ukurasa wao uliochapishwa kwa herufi kubwa, na usomwe mbele yao. Hapo ndipo masahihisho bora hupatikana. Bibi akisikia jina limetamkwa vibaya hukatiza msomaji katikati, hulitamka tena, na mara nyingi huongeza jina la njia nyingine ambayo hamkuwa mmeijua. Nendeni na penseli.